Mint Xfce kwenye Dell Latitude E6430 yenye RAM ya GB 4: uzoefu wangu

Laptop ninayoizungumzia ni Dell Latitude E6430 ya mwaka 2012: prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM GB 4, na diski ya kuzunguka (hadi diski) ya GB 320. Za rika hili zimejaa kwenye maduka ya used hapa Dodoma, na tangu muda wa kawaida wa Windows 10 uishe tarehe 14 Oktoba 2025, wenye nazo wanatafuta pa kukimbilia. Windows 11 haizikubali, kwa sababu inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Fundi anaweza kuipiga kwa kukwepa ukaguzi, ila RAM inabaki ile ile ya GB 4 na mashine inaganda vilevile.

Pa kukimbilia ni Linux, mfumo endeshi wa bure wenye matoleo mengi yaitwayo distro. Nimeipima laptop hii kwa Linux Mint 22 ya Cinnamon, Mint 22 ya Xfce, Lubuntu 24.04 na Debian 13 yenye LXQt. Cinnamon, Xfce na LXQt ni maeneokazi, yaani sura ya madirisha na menyu unayoiona, na Lubuntu nayo inatumia LXQt. Nimebaki na Mint ya Xfce, na kilichoamua ni hesabu ya RAM inayobakia kwa kivinjari. Watu hubishana kuhusu distro ipi ni nyepesi, lakini Firefox yenye tabo sita, mojawapo ikiwa ya barua pepe na nyingine WhatsApp Web, inakula GB 1.5 hadi 2 popote utakapoiweka. Eneokazi ndilo unaloweza kulipunguza.

Namna ya kupima: washa mashine, iache dakika tatu itulie, fungua terminali uandike free -h. Soma safu ya available, achana na ile ya free. Linux hutumia RAM iliyokaa bure kutunzia mafaili yaliyosomwa karibuni, kwa hiyo free huonekana ndogo hata pasipo tatizo lolote. Kwangu Cinnamon ilianza kwa matumizi ya kama GB 1.2, Xfce kama MB 800, na LXQt ya Debian kama MB 550. Kati ya Cinnamon na Xfce kuna MB 400, sawa na tabo mbili au tatu. Kwenye mashine ya GB 8 nisingejali, ningechukua Cinnamon kwa sababu inapendeza zaidi. Kwenye GB 4 hizo tabo tatu ndiyo kazi yenyewe.

Kwa nini sikushuka hadi LXQt? MB 250 zinazookolewa hapo hazikulipa nilichopoteza. Mint inakuja na Kidhibiti cha viendeshi na cha masasisho ambavyo mtu asiyependa terminali anavielewa siku ya kwanza. Mint 22 inahudumiwa hadi 2029, wakati Lubuntu 24.04 inaishia Aprili 2027. Tena Firefox ya Lubuntu ni ya snap, aina ya kifurushi cha programu: faili lake limebanwa na linafumuliwa kila linapofunguliwa, na kwenye hadi diski inayozunguka ufunguzi wa kwanza unachosha. Kama laptop yako ina GB 2 tu na nafasi ya kuongeza hakuna, hapo chukua Debian yenye LXQt bila kusita.

Kuna watu wanatafuta distro ya biti 32 wakati hawaihitaji. Hata prosesa za zamani za Core 2 Duo zote ni za biti 64. Ukikuta Windows 7 ya biti 32 ndani yake, ni aliyeipiga tu ndiye aliyechagua hivyo. Andika lscpu, na ukiona 32-bit, 64-bit kwenye mstari wa op-mode, endelea na Mint. Ni zile Atom za mwanzo na Core Duo za 2006 zilizobaki na biti 32 tupu, na kwa hizo distro nyepesi ya antiX bado inafaa. Debian 13 haina tena kisakinishi cha biti 32.

Sasa la msingi: kabla ya kuhangaika na distro, toa hadi diski uweke SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka. Kwenye E6430 ni skrubu chache upande wa chini, unavuta trei pembeni, unahamisha. Hata SSD ya GB 120 inatosha. Nimeona Mint ikichukua zaidi ya dakika moja na nusu kuwaka kwenye hadi diski na kama sekunde 20 kwenye SSD, na hakuna eneokazi litakalokupa tofauti hiyo. RAM ni hatua ya pili. Mashine hii inatumia DDR3 ya laptop na ina nafasi mbili. Angalizo kwa wenye laptop za kizazi cha nne: hizo zinataka DDR3L ya volti 1.35, na ukichomeka ya volti 1.5 mashine inaweza kukataa kuwaka kabisa ukadhani umeua bodi.

Vumbi la Dodoma nalo lisidharauliwe. Kati ya feni na mapezi ya kupozea hujengeka utando mnene kama kipande cha blanketi, joto linapanda, prosesa inajipunguzia kasi yenyewe, na mtu anailaumu Linux. Sakinisha lm-sensors, andika sensors wakati video inacheza. Ukiona nyuzi 90 na zaidi, fungua ukaondoe utando huo kwa brashi laini. Ukitumia blowa, zuia feni kwa kijiti isizunguke. Pesti ya prosesa ikiwa imekauka kama chokaa, ipanguse uweke mpya.

Usakinishaji wenyewe hauna mengi. ISO, yaani faili la usakinishaji, ni karibu GB 3, kwa hiyo pakua kwa bando la usiku, kisha linganisha sha256sum yake (namba ya uhakiki wa faili) na ile iliyo kwenye tovuti ya Mint. ISO iliyokatika njiani hutoa makosa ya ajabu katikati ya kunakili mafaili. Flashi feki zinazodai GB 32 huleta balaa hilo hilo. Ichome kwenye flashi kwa programu ya Rufus au Ventoy, washa mashine huku ukibonyeza F12. Kwa HP ni Esc halafu F9. Usisakinishe mara moja. Kaa kwenye hali ya majaribio ujaribu waifai, sauti, vitufe vya mwanga, na kufunga mfuniko halafu kuufungua.

Waifai ikikosekana, andika lspci na utafute neno Network. Kadi za Intel zinawaka zenyewe. Baadhi ya kadi za Broadcom zinahitaji kiendeshi ambacho hakimo ndani ya kerneli (kiini cha Linux), na kukipata mara nyingi unahitaji intaneti ambayo ndiyo huna. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, Mint itaiona kama mtandao wa waya. Kisha fungua Kidhibiti cha viendeshi.

Tatizo linalowachanganya wengi ni saa. Betri ndogo ya CMOS, inayotunza saa ya bodi, kwenye mashine ya umri huu mara nyingi imekufa. Ukizima na kuchomoa chaja, tarehe inarudi nyuma miaka, kivinjari kinakataa tovuti zote salama, na apt, chombo cha kusakinisha programu, inalalamika kuwa faili la Release bado halijaanza kutumika. Badilisha betri. Na kama umeacha Windows pembeni na saa inapishana kwa saa tatu kamili, betri haihusiki: Linux inahesabu saa ya bodi kama UTC (saa ya kimataifa), Windows inaihesabu kama saa ya hapa, na sisi tuko saa tatu mbele. Andika timedatectl set-local-rtc 1.

Baada ya hapo ninaongeza zram. Sakinisha zram-tools, fungua /etc/default/zramswap, weka ALGO=zstd na PERCENT=50, kisha sudo systemctl restart zramswap. Sehemu ya RAM inabanwa badala ya kumwagwa kwenye diski, na kuganda kwa ghafla kunapungua sana. Timeshift, programu ya Mint ya kuhifadhi nakala za mfumo, nayo iwekee kikomo cha nakala mbili, la sivyo inaijaza SSD ya GB 120.

Video ndipo umri unapoonekana. Chipu ya picha ya kizazi cha tatu inafungua video za muundo wa H.264 kwa maunzi, lakini zile za VP9 na AV1 inaziachia prosesa. Nimeweka kwenye Firefox kiongezi cha h264ify, kinachoiambia YouTube ilete H.264, na ninabaki 720p, feni imetulia.

Kwa nyaraka za ofisini, barua iliyoandikwa kwa Calibri huhama mistari kwenye LibreOffice. Sakinisha fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea, ambazo herufi zake zina upana ule ule wa Calibri na Cambria, na ya mwisho itume kwa PDF. Kwa steshenari, printa ndogo za leza za zamani za Canon zinazotumia CAPT (lugha ya printa ya Canon) ni mtihani kuzifanya zifanye kazi kwenye Linux. Washa laptop kwa flashi ya majaribio, chomeka printa yako, toa ukurasa mmoja kabla hujaifuta Windows.