Kituo cha masomo ya alasiri Malindi kwa vijana wa lugha mbili: uzoefu wangu kama mlezi

Kijana ninayemlea anasoma katika kituo cha watahiniwa binafsi wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, mtaa wa Barani. Wenzake darasani ni Wabajuni na Wasomali waliokulia upande wa Kismayu, vijana wa Lamu walioachia shule kidato cha pili, na watoto wa nyumba za Kiitaliano na Kikenya walioanza shule kwa Kiitaliano. Karo ni shilingi 3,500 kwa mwezi, vitabu mbali. Masomo huanza saa tisa alasiri. Ramadhani huhamishiwa asubuhi.

Kinachonifanya nikisifu ni namna wanavyompokea mgeni. Hesabu hupewa kwa lugha aliyosomea, kisha kusoma na kuandika hupimwa kwa Kiswahili peke yake na Kiingereza peke yake. Kwingineko kijana hupewa mtihani mmoja wa Kiingereza, akianguka anarudishwa miaka miwili nyuma akakae na watoto wadogo, hata kama milinganyo anaijua vizuri. Wengi huacha shule hapo. Hapa mwalimu wa hesabu aligundua kwamba waliotoka mfumo wa Kiitaliano huandika 3,5 pale tunapoandika 3.5, na 1.000 kwao ni elfu moja. Kosa hilo huonekana kama ujinga wa desimali, kumbe ni alama tu. Analirekebisha wiki ya kwanza kwa mazoezi ya bei na vipimo.

Uchaguzi wa masomo nao wameufikiria. Tangu KCSE ya 2023, gredi ya wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja aliyofanya vizuri zaidi (Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya), na masomo mengine matano bora. Kwa kijana ambaye Kiswahili chake kina nguvu, badiliko hili ni kubwa. Waliopita madrasa husajiliwa pia Kiarabu na Elimu ya Dini ya Kiislamu, na wanayafanya kwa moyo kwa sababu msingi wanao tayari. Ila mzazi asidanganyike kwamba Kiingereza sasa ni cha kuwekwa kando: Historia, Jiografia na Bayolojia maswali yake yote ni ya Kiingereza. Walimu hapa huwafundisha kwanza kutofautisha swali la kutaja na swali la kueleza. Kijana akitaja tu pale alipotakiwa kueleza, alama ya sababu inampita ingawa jibu analijua.

Kiswahili chenyewe kinafundishwa kwa uangalifu kuliko nilivyotarajia. Karatasi ni tatu: Insha alama 40, Lugha 80, Fasihi 80. Wa Lamu huzungumza kwa ufasaha unaowapoteza walimu wengi, wakadhani hana la kujifunza. Akiandika insha hutia "ndia" (njia) na "mato" (macho), na mtahini anakata. Mwalimu hazikejeli lahaja hizo. Huwaandikisha daftari la safu mbili, Kiamu au Kibajuni huku, sanifu kule, na kila insha iliyosahihishwa inaongeza safu. Daftari hilohilo huwafaa katika sehemu ya isimujamii, yaani matumizi ya lugha katika jamii, maana lahaja ni mada yake.

Udhaifu mkubwa ni maabara. Hakuna. Kituo hukodi maabara ya shule ya jirani Jumamosi, bureti (mirija ya kupimia vimiminika) hazitoshi, na kila mwanafunzi anapata zamu fupi. Karatasi ya vitendo ya Kemia ni alama 40, na baadhi hupotea kwenye jedwali, wala si kwenye kipimo chenyewe: nafasi za desimali zisizolingana, au usomaji wa 22.37 wakati tarakimu ya pili ya desimali inapaswa kuwa 0 au 5. Haya hayafundishiki ubaoni. Anayetaka uuguzi au uhandisi namshauri atafute mahali penye maabara yake.

Karatasi za usajili zinahitaji muda zaidi ya masomo. Aliyesoma nje ya Kenya anahitaji barua ya KNEC, baraza la mitihani la Kenya, ya kulinganisha cheti chake, na cheti kisicho cha Kiingereza kitafsiriwe na mtafsiri anayekubalika. Usajili hufanyika mapema katika mwaka wa mtihani, kwa hiyo barua ianze kufuatwa mwaka unaotangulia. Kinachokwamisha wengi ni majina: cheti cha kuzaliwa kina matatu, cha shule kina mawili, au herufi zimebadilishwa na karani. Pelekeni kiapo cha wakili mapema, msingoje kurudishwa dirishani. Na anayesafiri kutoka Mokowe, gati la bara la Lamu, abebe vitambulisho halisi. Vizuizi vya barabara ile havikubali picha ya simu.

Jambo la mwisho linahusu umri. Kundi la mwisho la kawaida la 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu, litafanya KCSE 2027. Kijana wa miaka 17 au 18 mwenye msingi wa kidato cha pili, huyu mleteni sasa. Wa miaka 14 ambaye ndiyo anaanza, ulizieni kwanza nafasi ya gredi ya 10 au chini yake katika mfumo mpya wa umilisi, kwa kuwa kituo bado hakina mwalimu hata mmoja aliyeandaliwa kuufundisha.