Mhasibu wangu alinila kuliko TRA: uzoefu wa fundi cherehani, Kirumba

Nashona sare za shule, madera na vitenge vya sherehe kwenye fremu moja hapa Kirumba, Mwanza, njia ya kushukia Mwaloni. Kwa mwaka mzima na miezi kadhaa nilikuwa namlipa mhasibu wa mtaani anishughulikie mambo ya kodi, na majirani wa fremu wameniuliza mara nyingi kama kumlipa mhasibu kuna faida. Jibu langu ni refu kidogo.

Machi 2023 nilienda TRA, mamlaka ya mapato, kufanya makadirio ya mauzo ya mwaka ili nipangiwe kodi, mikono mitupu. Dada wa dirishani akaniuliza, "Mama, kumbukumbu za mauzo unazo?" Nikamwambia zipo, kichwani. Akacheka kwa adabu. Tulipokadiria mauzo yangu yakaangukia kati ya milioni 7 na milioni 11 kwa mwaka, na asiye na kumbukumbu kwenye daraja hilo analipa 250,000. Nikagawiwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Elfu sitini na mbili na mia tano kila awamu, uwe umepata kazi au umekaa unapiga miayo.

Ndipo nikaletewa huyu kijana mhasibu. Bei yake elfu 15 kwa mwezi: anakuja kila Jumamosi, anapitia daftari, anajumlisha, na mwezi wa tatu ukifika ananiandalia karatasi za makadirio. Kaunta buku nilijinunulia mwenyewe.

Sasa hapa nimpe haki yake, maana kosa alilolikuta nisingeliona hadi leo. Mteja akileta kitambaa cha gauni la elfu 20, anaacha advansi elfu 10. Mimi nilikuwa naandika gauni, 20,000. Wiki ya pili akija kuchukua na kumalizia, naandika tena, fulani amelipa 10,000. Gauni la elfu 20 limeshakuwa la elfu 30, na mimi najiona biashara imechanganya! Aliketi kwenye benchi la wateja na kalamu nyekundu, akafuta mistari ile mmoja mmoja, huku akinitajia majina: mama Neema, umemwandika mara mbili, mwalimu wa Pasiansi, mara mbili. Akanichorea safu mpya: tarehe, jina, kazi, bei, advansi, salio. Mauzo ni safu ya bei peke yake. Mwaka ulipoisha nilikuwa na 9,800,000. Kwa uandishi wangu wa zamani ingezidi milioni 12, na ningejipandisha daraja kwa mkono wangu mwenyewe.

Machi 2024 nikarudi na daftari kwapani. Mwenye kumbukumbu kwenye daraja langu analipa 90,000, pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kilichozidi kwangu ni 2,800,000, asilimia 3 yake 84,000. Jumla 174,000. Nimeokoa elfu 76 na nikatoka pale natembea kama bibi harusi.

Usiku nikapiga hesabu nyingine. Elfu 15 mara miezi 12 ni 180,000.

Kuna mengine aliyonifundisha ambayo ni ya bure kwako. Nilikuwa nimejaza mfuko wa Rambo risiti za umeme na uzi nikidhani zitapunguza kodi. Hazipunguzi, kwa sisi wadogo tunaokadiriwa kwa mauzo wanatazama kilichoingia, si kilichobaki. Pango nalo lina vituko vyake, maana kwa Kiswahili chetu anachodai mwenye fremu ni kodi na inachodai serikali ni kodi. Mpangaji wa biashara anatakiwa akate asilimia 10 ya pango aipeleke TRA, na hela hiyo ni ya mwenye nyumba, si nyongeza juu yako. Nenda kamwambie hivyo mzee wangu mwenye fremu, halafu unipe majibu.

Hata mdogo wangu alifaidika. Analipwa 500,000 kwenye shule moja ya binafsi, na siku hiyo alikuwa ameacha salari slipu juu ya cherehani. Kijana akaitupia jicho akasema hii imekosewa: NSSF, mchango wa hifadhi ya jamii, elfu 50 inatoka kwanza, kinachobaki 450,000 ndicho kinachokatwa kodi, asilimia 8 ya kile kinachozidi 270,000. Yaani 14,400. Wao walikuwa wanamkata 18,400. Elfu nne kila mwezi, kilo na zaidi ya sukari.

Kilichotuachanisha ni simu. Alipofungua akaunti yangu ya TRA aliweka namba yake, na nywila akakaa nayo yeye. Juni 2024 akaenda msibani Ukerewe. Mtandao ukasumbua au hakutaka kupokea, sijui. Ninachojua namba ya malipo ya awamu ya pili ilikuwa kwenye simu yake na tarehe 30 ikapita mimi nikiwa na hela mkononi. Nililipa Julai, na riba juu. Siku hiyohiyo nikaomba namba ibadilishwe iwe yangu, ujumbe ukaingia kwenye kitochi changu, nikaupiga busu.

Kwa hiyo: kama mauzo yako ni ya ukubwa wangu, mlipe mtu miezi miwili mitatu akunyooshee daftari, kisha endelea mwenyewe. Simu na nywila zisitoke mkononi mwako hata siku moja. Kwa kazi ya daftari nampa tisa kwa kumi. Kwa yale ya Juni, sifuri.

Hatujagombana. Jumamosi iliyopita alileta suruali mbili za kupunguza, elfu sita. Aliponiona nafungua kaunta buku alichungulia kuangalia naandika safu gani.