Vitabu vya zamani vya reli ya Afrika Mashariki: uzoefu wangu na Hill na Ramaer

Nimekuwa nikiulizwa kama vitabu vya zamani vya reli vinastahili bei wanayotaka wauzaji. Vyangu nimevitumia kwa miaka, na jibu langu ni kwamba vinastahili, mradi ujue unanunua nini.

Ninavyovitegemea ni viwili. Kuna Permanent Way cha M. F. Hill, chenye juzuu mbili: ya kwanza ni ya reli ya Kenya na Uganda, ya pili ni ya reli za Tanganyika na ilitoka mwaka 1957. Halafu kuna kitabu cha Roel Ramaer cha mwaka 1974, kinachohusu vichwa vya mvuke vya East African Railways, shirika la reli la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania.

Cha Ramaer ndicho ninachokifungua zaidi. Mzee mmoja mtaani kwetu, fayamani mstaafu (mchochea moto wa kichwa cha mvuke), alinionyesha picha yake ya ujanani akiwa amesimama kando ya kichwa cha treni. Nyuma ya picha hapakuandikwa kitu. Ubavuni mwa kichwa zilisomeka tarakimu mbili tu, 30, zilizobaki zilikuwa zimefifia. Kwa anayejua mpangilio wa East African Railways, hizo zinatosha: mbili za mwanzo ni klasi, yaani aina ya kichwa, mbili za mwisho ni namba ya kichwa chenyewe. Klasi ya 30 iliundwa Glasgow katikati ya miaka ya 1950, na vichwa vyake vilipewa majina ya makabila. Kwa hiyo picha ile haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, na ubishi wa wajukuu kuhusu mwaka ukaishia pale mezani.

Ukienda Makumbusho ya Reli Nairobi utamkuta 5918, Mount Gelai. Isome namba hiyo kwa namna ileile: klasi ya 59, kichwa cha 18. Vilikuwa 34, vimetengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani 252, na vikapewa majina ya milima. Gelai uko Tanzania, kichwa kiko Kenya. Hadi shirika lilipovunjika mwaka 1977 hilo halikuwa jambo la kushangaza, na kitabu cha 1974 bado kinaziona reli za nchi zote tatu kama mali ya nyumba moja. Vitabu vya baadaye hunichosha kwa kukata hadithi mpakani.

Hill ana faida nyingine: mwaka alioandika. Juzuu ya Tanganyika ilichapishwa wakati njia ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga, ingali hai. Ilifungwa mwaka 1962 na reli zikang'olewa, ndiyo maana vijana wengi wa kusini hawajui kwamba treni iliwahi kupita kwao. Kinyume chake, kiungo cha Ruvu na Mnyusi, kinachounganisha Reli ya Kati na ya Tanga, hutakikuta humo, kwa sababu kilikamilika mwaka 1963. Hapo unapata jibu la maana kwa historia ya ukoo: babu aliyesafiri miaka ya hamsini hakupanda treni Dar es Salaam akashukia Moshi. Reli ya Kati na ya Tanga zilikuwa bado hazijakutana.

Kasoro yake kubwa inaniuma kila ninapokisoma. Hill aliandika kwa niaba ya utawala wa reli wenyewe, na inaonekana. Magavana na mameneja wametajwa kwa majina, lakini magenge yaliyobeba mataruma hayana majina. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli ya Uganda, na 2,493 kati yao walikufa, lakini Waafrika waliofyeka na kuchimba njia ileile wanapita kama kivuli. Usikitumie peke yake. Kaa na wazee wa reli wangali hai, uwasomee kurasa, waongeze wao.

Jambo la ununuzi: muombe muuzaji picha za ramani na za mgongo wa kitabu kabla hujalipa. Mmoja aliniuzia nakala iliyochanwa ramani bila kusema neno, na bila ramani kitabu cha namna hii kimepoteza nusu ya kazi yake. Nakala za kuskani nazo mara nyingi hukata ramani kubwa ukingoni. Vipimo vyote ni maili na futi, basi weka kikokotoo karibu.

Ukiwa na fedha ya kimoja tu na wewe ni wa Tanzania, chukua juzuu ya pili ya Hill. Ukiwa na picha za zamani nyumbani zenye namba za vichwa, anza na Ramaer.