Akae kazini au akae kando?

Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, kahawa hainyweki bila siasa. Juzi wazee wawili walifufua kisa cha Marekani cha 2003, jina la Valerie Plame, afisa wa siri wa CIA, shirika la ujasusi la nchi hiyo, lilipovujishwa kwa waandishi. Wakabishania: afisa wa serikali akituhumiwa, aachie kiti au abaki?

Wa kwanza: mtu hana hatia hadi mahakama iseme, basi aachwe kazini. Ndiyo Ibara ya 50 ya Katiba yetu. Karl Rove, mshauri wa Rais Bush aliyetuhumiwa kuvujisha, alipigiwa kelele na chama pinzani cha Democrats ang'oke. Uchunguzi ukaisha bila yeye kushtakiwa.

Wa pili: "La, shekhe. Ile ni ngao ya kizimbani, si hati ya kumiliki kiti." Scooter Libby, msaidizi mkuu wa Makamu wa Rais Cheney, alijiuzulu siku aliyoshtakiwa katika kisa hicho, Oktoba 2005, Machi 2007 akatiwa hatiani. (Kwa uongo na kuzuia haki, si kwa kuvujisha. Wengi husahau.)

Mimi niko na wa pili, mradi mashtaka yawepo, si makelele ya chama. Kenya, sheria ya ufisadi ya 2003 humsimamisha mtumishi wa umma aliyeshtakiwa kwa ufisadi, kwa nusu mshahara. Akiachiliwa, kusimamishwa kwaisha.