Ufagio wa Kijapani wa shilingi 850: nilinunua herufi, ufagio ukaja juu yake

Haya jamani, huu ufagio nishautumia miezi miwili kwa hivyo naweza kusema. Nliununua duka moja la vitu vya nyumbani huku Nyali, ni kaufagio kadogo ka mkono, nyuzi zake za shuro, mti wa kwao wa jamii ya mnazi. Mamangu kuskia bei akanyamaza kwanza, halafu akaniuliza, kwani fagio za chelewa soko la Kongowea zimeisha?

Kilichonitoa pesa ni lebo. Mie nashughulika na magari ya Japani, kutwa nasoma zile karatasi za mnada, basi herufi mbili tatu zishaniingia, na pale kwa lebo ilikuwa 箒 peke yake, kubwa, nyeusi. Inasomwa hōki, yaani ufagio. Hiyo ndo sauti ya Kijapani chenyewe, manake herufi nyingi kule zina sauti ya nyumbani na sauti iliyotoka China, kama sisi na maneno yetu ya Kiarabu. Ile ya Kichina ni sō, na hutaiskia ukiutaja ufagio, utaiskia kwa sōji, kufanya usafi, inayoandikwa kwa ndugu yake 掃, mkono kushoto ufagio kulia. Wachina wa leo wao wanasema zhǒu, na ufagio wa kawaida ni sàozhou.

Sasa itazame 箒 yenyewe. Hapo juu ni mianzi, imeongezwa baadaye tu, ufagio wa asili ni hiyo ya chini, 帚, na ukienda kwa maandishi ya kale kabisa ya China, yale ya kuchongwa kwa mifupa na magamba ya kobe miaka zaidi ya 3,000 iliyopita, unaona ufagio umechorwa umesimamishwa, nyuzi juu mpini chini. Mtoto wa chekechea angeujua.

Nkamwonyesha wifi yangu 婦, mke, mwanamke kando na ufagio kando, akasonya. Nkamwambia ngoja kwanza wifi. Kwa mifupa ile mara nyingi ufagio mtupu, bila huyo mwanamke, ndo ulikuwa cheo cha wake wa mfalme, na mmoja wao Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, alienda vitani, kuna mfupa unataja jeshi la watu 13,000, na kaburi lake lilipochimbwa Anyang, huko huko China, mwaka 1976 likatoka na silaha na mashoka ya shaba. Wifi akasema huyo sawa. Halafu China waliporahisisha maandishi yao ikawa 妇, sehemu ya chini ya ufagio wameikata, Wajapani wao bado wanauandika mzima.

Ufagio kama ufagio sasa. Ndani ya nyumba hauna mpinzani, vumbi la sakafu ya taila, makombo ya mkate wa mofa kwa mkeka, pembe za kochi, unapita kama kitambaa. Nje usijaribu. Nliutoa uwani siku moja kwa mchanga na majani ya mwarobaini nyuzi zikapinda zote upande mmoja, ikabidi niziloweke maji nizichane kama nywele. Na wiki ya kwanza ulipukutika sana, uzi mwekundu wa shingoni ukalegea, kurudi dukani naambiwa kitu kikishatoka hakirudi. Nlifunga mwenyewe kwa uzi wa nyavu, umeshika mpaka leo. Kwa 850 nawapa tatu kwa tano, moja kati ya hizo ni ya lebo.

Na mamangu aliyeucheka ndo kautwaa, yuko nao chumbani. Juzi nliukuta nyuma ya mlango, kausimamisha vile vile kama kwa mifupa, nyuzi juu mpini chini. Nkamweleza kuwa Wajapani wa zamani ukiusimamisha hivyo ni unataka mgeni aondoke. Akaniangalia, hakuugeuza. Shangazi yuko kwetu tangu Jumatatu.