Kununua Kobe Ulaya: Tazama Mkia Kabla ya Bei

Wauzaji wengi wa huku huwaita kobe wa aina zote "kobe wa Mediterania", na wakiwa wachanga wanatosha kiganjani, rangi haikusaidii kitu. Mshike kobe kwa mikono miwili, mwinue taratibu, kisha tazama mahali patatu: ncha ya mkia, mapaja, na kucha za mbele. Mimi wa kwanza niliuziwa kama kobe wa aina ya Hermann, ambaye hana mwiba pajani. Nilipomwosha nyumbani nikakuta kila paja lina mwiba. Alikuwa wa aina nyingine, iitwayo kobe wa Kigiriki, na cheti cha mauzo nilichopewa kilikuwa cha aina nyingine kabisa.

Namba moja kwangu ni Hermann wa mashariki, yule wa Ugiriki na Balkani. Ncha ya mkia wake ina pembe ngumu kama ukucha, mapaja hayana mwiba, na kigae (kipande cha gamba) cha juu ya mkia mara nyingi kimegawanyika viwili. Ni mdogo, anavumilia baridi, na akitunzwa atakuzika. Ndugu yake wa magharibi, wa Italia na kusini mwa Ufaransa, ni adimu zaidi sokoni: tumboni ana mistari miwili myeusi isiyokatika, na mara nyingi doa la njano chini ya jicho. Wa mashariki mistari hiyo imevunjika ikawa madoa. Ukiambiwa "wa magharibi" na tumbo lina madoa, usilipe bei ya magharibi.

Wa pili ni Horsfield, kobe wa nyika za Asia ya Kati. Ana kucha nne kila mguu, na gamba lake ni la duara, limebonyea juu kama chapati. Naye ana ncha ngumu mkiani, ndipo watu wanapochanganya; tena Hermann mmojammoja huwa na kucha nne mbele, kwa hiyo umbo la gamba lisikupite. Anachimba kama fuko. (Mwaka 1968 Wasovieti waliwarusha wawili wakazunguka Mwezi wakarudi hai.) Kasoro yake ni moja: wengi wametolewa porini, wakaja na minyoo.

Wa Kigiriki nimemweka wa tatu, si kwa ubaya wake. Mwiba wa paja unamtambulisha, ila haukuambii ametoka wapi. Wa Uturuki hulala majira ya baridi bila shida. Wa pwani ya Afrika Kaskazini ukimlaza miezi mingi unaweza kumuua. Muuzaji asiyejua asili yake, achana naye.

Wa aina ya marginata huonekana akikua: vigae vya nyuma vimetanuka kama ukingo wa sketi. Mzuri, lakini anataka bustani.

Sulcata, kobe wa Sahel kusini mwa Sahara, usimguse. Hana kile kigae kidogo juu ya shingo, na miiba ya mapaja ni mikubwa. Leo anakaa kwenye boksi la viatu, baadaye anapita kilo 45. Aliyewaona kobe wakubwa wa Aldabra pale kisiwani Changuu, Zanzibar, anaelewa nasema nini.

Hermann, Kigiriki na marginata huuzwa kwa cheti, Umoja wa Ulaya na Uingereza pia. Soma jina la kisayansi ukiwa bado umemshika kobe. Lisipolingana na mkia na mapaja uliyoyaona, mrudishie mwenyewe kobe wake.