Mnada wa Nairobi au Fairtrade: kahawa iuzwe wapi?

Chama cha ushirika chenye kahawa nzuri kina njia mbili kuu. Ya kwanza ni mnada wa Nairobi Coffee Exchange, ambako bei hutajwa kwa dola kwa gunia la kilo 50. Wanunuzi huonja sampuli kwanza, kisha hushindana. AA, gredi ya punje kubwa, ikiwa na ladha safi hupaa bei. Gredi za chini huachwa nyuma. Tatizo ni kwamba bei hufuata soko la New York, na tangu mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo uvunjike mwaka 1989, hakuna kinachoizuia isiporomoke.

Njia ya pili ni Fairtrade, mfumo wa cheti cha biashara ya haki, ambao huweka kiwango cha chini cha bei: tangu Agosti 2023, dola 1.80 kwa ratili (karibu nusu kilo) ya kahawa ya arabika iliyooshwa, na senti 20 za ziada ambazo wanachama huamua wenyewe matumizi yake. Lakini ukaguzi hulipiwa, na chama kinaweza kupata cheti kisha kikauza sehemu ndogo tu kwa masharti hayo.

Chenye AA nyingi, ningekishauri mnada. Chenye gredi za kati, Fairtrade ni kinga. Kinachoniuma ni kwamba kwa njia zote mbili kahawa nyingi husafirishwa bila kukaangwa, na faida ya kukaanga humfuata mnunuzi ng'ambo.